Sakafu ya Bi Pimbi

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitikia kama watu waliopangwa foleni tangu alfajiri. Tena. Paukwa!

Pakawa!

Nyumba!

Ijengwe!

Juu ya nini?

Eh, hapo mmenyamaza. Basi kaeni vizuri. Watoto mbele, wakubwa nyuma, na mkubwa atakayesinzia nitamwita kwa jina lake lote mpaka la babu.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na Halmashauri na wanadamu bado hawajaigundua, palikuwa na ziwa kubwa. Ziwa lilikuwa na ghuba. Kando ya ghuba palikuwa na kilima cha mawe. Juu ya kilima palikuwa na mbingu, na mbinguni palikuwa na Tai.

Kwenye mawe yale aliishi Bi Pimbi. Mnamjua pimbi? Mnyama mdogo, mnene, hana mkia, na ana sura ya mtu aliyeamshwa kabla hajashiba usingizi. Bi Pimbi alikuwa mjane. Mumewe alitoka kuota jua. Kivuli kikapita. Fyuu! Mume hayupo. Mwaka uliofuata mwanawe wa kwanza akatoka kuota jua. Kivuli kikapita. Fyuu! Mtoto hayupo. Tangu siku ile Bi Pimbi alikuwa akiwasukuma watoto waliobaki ndani ya ufa wa jiwe, yeye anakaa mlangoni, shingo juu, macho juu. Hakuomba mali. Hakuomba cheo. Alitaka paa juu ya vichwa vya wanawe. Basi.

Na si yeye peke yake aliyekuwa na shida. Wanyama walikuwa wameongezeka. Kila ufa una mtu, kila shimo lina mtu, na kila mtu ana shemeji aliyekuja kwa siku mbili akakaa. Wakaenda Halmashauri. Halmashauri ikakutana. Ikakutana tena. Ikakutana kuzungumzia ile mikutano miwili. Mwishowe Mwenyekiti, Mheshimiwa Kiboko, akatoa pua majini akasema, "Mahali pa kujenga pamekwisha. Kwa hiyo tutaongeza mahali. Jazeni ghuba."

"Tuijaze kwa nini, Mheshimiwa?"

"Kwa chochote."

Wakajaza kwa chochote. Mchanga, chubwi! Matope, chubwi! Mafunjo, magamba ya konokono, vyungu vilivyovunjika, mikeka iliyooza, chubwi, chubwi, chubwi! Mpaka maji yakasogea, na pale palipokuwa na samaki pakawa na uwanja. Jua likapiga. Uwanja ukakauka juu, ukawa mzuri, tambarare kama mkate wa sinia. Wakapaita Nchi Mpya.

Sasa, ardhi haikaliwi hivi hivi. Lazima ikaguliwe. Na kwa desturi ya Halmashauri ile, ardhi hukaguliwa na Mzee Ndovu, Mkaguzi Mkuu wa Uzito. Ukaguzi wenyewe ulikuwa hivi: Ndovu anakuja, Ndovu anasimama, Ndovu anaondoka.

Akaja. Akasimama katikati ya Nchi Mpya. Hakujikuna. Hakupepea sikio. Alisimama tangu umande mpaka chakula cha mchana, amenyooka kama sanamu ya mwenyewe. Wanyama wote wakatazama miguu yake. Haikuzama hata kidogo.

Ndovu akasema, "Nimesimama."

Kiboko akasema, "Amesimama."

Wanyama wakaruka kwa furaha, lakini nje ya uwanja, kwenye majani, kwa sababu ya heshima. Wakatunga wimbo. Nifuateni, ni mwepisi:

*Ndovu kasimama,*
*nchi imenyamaza!*
*Kama imembeba Ndovu,*
*itamwangusha nani?*

Wimbo ule uliimbwa mpaka ukawa jibu la kila swali. Ukiuliza, "Jamani, chini ya mchanga huu kuna nini?" unajibiwa, *Ndovu kasimama*. Ukiuliza, "Mbona nguzo ni fupi?" unajibiwa, *Ndovu kasimama*.

Nyumba zikajengwa. Kuta, mapaa, milango, safu kwa safu, nyingine ghorofa. Bi Pimbi akapata yake. Alipoiona alisimama mlangoni akatazama juu, kwa mazoea. Hakuona mbingu. Aliona paa. Machozi yakamtoka, akasingizia vumbi.

Ila palikuwa na sharti. Kila anayepokea nyumba mpya, jiwe lake la zamani linavunjwa, kokoto zikajaze sehemu ya ghuba iliyobaki. Nyani walikuwa wameshakaa chini ya jiwe la Bi Pimbi, nyundo magotini, wanasubiri siku ya kukabidhi funguo. Siku hiyo funguo zinatoka, nyundo inashuka. Kurudi hakuna.

Na palikuwa na jambo la sakafu. Halmashauri ilijenga kuta na mapaa, ikasema sakafu kila mtu apige yake. Watu wa ghuba ile walifurahi, maana kwao sakafu ni shughuli. Udongo ukishamwagwa, majirani wanakuja na magongo bapa. Wanasimama safu mbili, wanaimba, wanapiga. Pu! Pu! Pu! Mikono ikichoka, wanapiga kwa miguu. Sakafu inakaza, inakaza, mpaka ukiigonga inalia kama chungu kizima. Hapo mwenye nyumba anapakua chakula. Nyumba isiyopigwa sakafu, kwao ni banda tu.

Basi Bi Pimbi akawaita majirani. Wa kwanza kufika alikuwa Bi Kanga, maana Bi Kanga hufika kwanza kwenye kila jambo na hubeba habari zake kwenda la pili.

"Hongera shoga! Na ukuta mweupe! Mimi wangu wameupaka rangi ya mavi ya kondoo, lakini nashukuru."

"Shika gongo, Bi Kanga. Maneno baadaye."

Wakapanga safu. Pu! Pu! Pu!

Wakapiga, wakaimba. Pu! Pu! Pu!

Mara, chwii. Baina ya vidole vya Bi Pimbi pakatoka maji. Kidogo. Akadhani ni jasho. Wakaendelea. Pu! Pu! Chwii, chwii. Maji yakaongezeka. Yakatoka na mchanga laini, yakatengeneza vilima vidogo kama vya siafu. Sakafu ikaanza kuyumba chini ya miguu kama tumbo la mtu anayecheka.

"Acheni kwanza," akasema Bi Pimbi.

Wakaacha. Maji yakatulia. Wakasubiri. Yakarudi chini, taratibu, kama hayakuwahi kuwapo.

Majirani wakatazamana. Ndipo Bi Kanga akapiga kigelegele.

"Shoga, umebahatika! Nyumba ina maji ndani! Sisi tunabeba mtungi kichwani, wewe unapiga mguu chini unachota!"

Wakashangilia. Kila mmoja akakimbia kwake kupiga sakafu yake. Na kwa kila mmoja, chwii! Maji! Nchi Mpya nzima ikajaa vigelegele. Waliokuwa hawajaomba nyumba wakaenda kuomba.

Bi Pimbi akabaki peke yake. Akagonga sakafu kwa gongo. Haikulia. Akawaza, "Sakafu ya kwetu ukiipiga hukaza. Hii ukiipiga hulegea. Ndovu aliposimama ilinyamaza. Sisi tulipocheza iliyeyuka. Je, siku itakapocheza yenyewe?"

Maana ardhi ya nchi ile ilikuwa na tabia ya kutikisika. Si kila mwaka. Si kila kizazi. Lakini mawe ya kilima yalikuwa na nyufa, na nyufa zile, ikiwamo ile aliyolalia yeye na wanawe, hazikuchongwa na patasi.

Akaenda kwa Mwenyekiti.

Ofisi ya Kiboko ilikuwa majini. Mwenye shida husimama ukingoni, akaongea na matundu mawili ya pua na masikio mawili. Swali likiwa jepesi, kichwa kinatoka. Swali likiwa gumu, kila kitu kinazama, na juu ya maji hutokea mapovu, bu bu bu. Mapovu maana yake suala linafanyiwa kazi.

"Shikamoo Mheshimiwa."

"Marahaba, mama. Funguo bado."

"Sikuja kwa funguo. Tumepiga sakafu, imetoa maji."

Kichwa kikatoka chote, kinatabasamu. "Nimearifiwa. Hongereni. Tunafikiri kuliweka kwenye taarifa ya mafanikio."

"Mheshimiwa, sakafu inakuwa uji."

"Mama, mimi nimelala kwenye uji tangu kuzaliwa. Nimewahi kuangukiwa na nyumba?"

"Hujawahi kuwa na nyumba, Mheshimiwa."

Kiboko akafikiri. Ikawa kweli.

"Ndovu alisimama," akasema.

"Alisimama, ndiyo. Lakini ardhi ikitikisika?"

"Tangu Halmashauri hii iingie madarakani, ardhi haijatikisika hata mara moja."

"Na kabla ya Halmashauri?"

"Ya kabla yetu hatuhusiki nayo."

"Na itakayokuja je?"

Pua zikazama. Masikio yakazama. Bu bu bu bu bu. Bi Pimbi akasubiri mpaka jua likamchoma mgongo. Hakutoka mtu.

Akamwendea Fundi Korongo, aliyechora mitaa ya Nchi Mpya. Alimkuta pale pale uwanjani, amesimama kwa mguu mmoja.

"Fundi, ardhi hii ni nzima?"

Korongo akatazama kulia, akatazama kushoto. "Mama, unauliza kama nani?"

"Kama mtu atakayelala hapa na watoto."

Korongo akashusha shingo, akashusha na sauti. "Basi nitakujibu. Mchanga mlegevu, na maji ndani yake. Ukitulia, ni ardhi. Ukitikiswa, maji yanasukuma mchanga, mchanga unaachana, na ardhi inakuwa uji. Nyumba haivunjiki hata. Inalala tu, kama mlevi. Anayekuwa ndani ndiye anayevunjika."

"Hakuna dawa?"

"Ipo. Ungeshindiliwa tangu chini, tabaka kwa tabaka. Au nguzo zingeshushwa mpaka kwenye mwamba. Nilisema hayo kikaoni."

"Wakasemaje?"

"Walinishukuru sana. Kisha wakaimba."

"Na wewe ukanyamaza?"

Korongo akabadilisha mguu. "Mimi, mama, husimama kwa mguu mmoja ili nikizama nizame nusu. Ni kosa langu. Lakini ushahidi sina. Kila nikifungua mdomo naambiwa Ndovu alisimama, na ni kweli alisimama, sote tulimwona."

Bi Pimbi akamshukuru, akaenda kwa Ndovu. Ndovu alikuwa chini ya kivuli, amesimama, kwa kuwa kazi hiyo alikuwa ameshaizoea.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mjukuu wangu."

"Babu, nakuomba kitu kimoja. Rudi Nchi Mpya. Safari hii usisimame. Cheza."

Ndovu akapepea sikio moja. "Mimi ni Mkaguzi wa Uzito. Kucheza si idara yangu."

"Ni idara ya nani?"

"Haijaundwa."

"Babu, nina watoto. Baba yao kachukuliwa na Tai. Ile nyumba naitaka mpaka naiota. Nikiikosa narudi chini ya yale makucha. Nikiipata na ikalala, nimewazika mwenyewe. Siombi iwe mbaya. Naomba nijue."

Ndovu akapepea sikio la pili. Alikuwa na moyo mkubwa, lakini umefunikwa na cheo.

"Mjukuu wangu," akasema, "mzee mzima kama mimi, mchana kweupe, nikaonekane nakata kiuno bila mwaliko wa kiserikali?"

Bi Pimbi akasimama kidogo. Akarudia lile neno moyoni. Mwaliko. Akaaga.

Akarudi mbio kwa Kiboko. Safari hii hakuuliza swali hata moja.

"Mheshimiwa, wananchi tunaona si vizuri mtukabidhi funguo kimya kimya kama watu wanaorudisha sufuria. Tunataka sherehe. Jukwaa. Hotuba. Na mgeni rasmi, Mzee Ndovu."

Kiboko alitoka majini mpaka kifua, jambo lililokuwa halijaonekana tangu uchaguzi.

"Hotuba ndefu?"

"Upendavyo, Mheshimiwa. Kisha tupige sakafu wote pamoja, uwanjani. Na Nyani nao waje, wasishike nyundo mpaka sherehe iishe."

"Imepita," akasema Kiboko, kabla Halmashauri haijaitwa.

Siku ikafika. Asubuhi ya jua zuri, upepo mwanana. Wengi walikuwa wameshaingia kwenye nyumba zao kupika na kupamba, na Bi Pimbi akapita nyumba kwa nyumba. "Tokeni! Leo haibaki roho ndani. Bibi naye, mbebeni. Mgonjwa naye, mbebeni. Sufuria liacheni liungue!" Watoto wake akawakalisha mbali, kwenye majani, chini ya mbawa za Bi Kanga, wasionekane na Tai. Kisha akaenda kusimama uwanjani, mstari wa mbele. Korongo akamwona anachezesha midomo.

"Unaomba nini, mama?" akamnong'oneza.

"Naomba tuwe waongo, mimi na wewe."

Kiboko akahutubia. Hotuba ilikuwa kama ziwa, pana na haina upande wa pili. Wakapiga makofi. Ngoma ikaanza. Ti ti ti! Ti ti ti!

Sasa sikilizeni desturi ya watu wale. Mgeni rasmi haachwi kwenye kiti. Wanawake huenda kwa vigelegele, wakamfunga leso kiunoni, wakamwinua. Mgeni rasmi anayegoma kuinuliwa ametukana nyumba zote. Hata Simba mwenyewe hakuwahi kugoma.

Wanawake wakamwendea Ndovu. Leso moja haikutosha. Wakaunganisha leso za mtaa mzima. Lililili!

"Jamani, mimi ni mkaguzi," akasema Ndovu.

"Leo wewe ni mgeni! Inuka babu!"

Akainuka. Akaweka mguu mmoja, pu. Akaweka wa pili, pu. Akatazama huku na huku kama anahofia kupewa onyo. Hakuna aliyemcheka. Akaweka wa tatu, pu! Na hapo uso wake ukafunguka. Maana niwaambieni, wapenzi: tangu Ndovu apewe cheo, hakuna aliyewahi kumwalika kucheza. Kila mtu alimwomba asimame tu. Na alikuwa mchezaji hodari!

Pu! Pu! Pu! Akatikisa mabega. Pu! Pu! Pu! Akazunguka. Masikio yakapepea, mkonga ukapiga tarumbeta, paaa! Wanyama wote wakaingia. Pu! Pu! Pu!

Chwii.

Pu! Pu! Pu!

Chwii, chwii, chwiiii!

Maji yakachomoka huku na huku. Vilima vya mchanga vikaota na kutapika. Uwanja ukayumba, ukapanda, ukashuka. Ndovu akazama mpaka magotini, akasimamisha mguu hewani, akauliza kwa adabu, "Hii nayo ni sehemu ya sherehe?"

"Tokeni! Kwenye majani!" akapiga kelele Bi Pimbi. "Kimbieni!"

Wakakimbia. Waliobaki wakamfunga Ndovu kamba za mafunjo wakamvuta, haya, haya, mpaka akatoka, bwata! Jukwaa likazama na Mwenyekiti akiwa bado anapiga makofi. Kisha nyumba. Hazikuvunjika. Zililala. Ya kwanza ikaegemea ya pili, ya pili ikaegemea ya tatu, polepole, kwa heshima, kama wazee wanaosinzia msibani. Nyumba nyeupe ya Bi Pimbi ndiyo iliyochelewa. Ilisimama, ikasimama, akaanza kutumaini. Ndipo kona moja ikashuka. Paa likateleza. Mbingu ikaonekana.

Hakuna aliyekufa. Hakuna aliyevunjika. Bi Pimbi alikaa chini akalia, na safari hii hakusingizia vumbi.

Bi Kanga akamshika bega. "Shoga, lia. Lakini tungekuwa ndani."

"Ndiyo maana nalia," akasema Bi Pimbi. "Kwa yote mawili."

Halmashauri ikakutana siku ile ile, jambo la kihistoria. Ikachunguza. Kiboko akasoma matokeo akiwa ndani ya tope la uwanjani, hakutaka kutoka, akisema anakagua eneo.

"Imebainika kwamba chanzo cha tukio ni ngoma. Kuanzia leo, kucheza ngoma katika Nchi Mpya ni marufuku. Nyumba zitainuliwa, ziegemezwe miti, na wananchi watahamia kama ilivyopangwa."

Wanyama wakaguna. Bi Pimbi akafuta uso. Akasogea mpaka kwenye ukingo wa tope.

"Mheshimiwa, sisi tumesikia. Tutatii. Hatutacheza. Na ardhi je? Nayo mmeiarifu?"

Kiboko akafungua mdomo. Akaufunga. Akazama. Bu bu bu bu. Lakini tope halina kina kama ziwa, mgongo ukabaki nje, na wanyama wote wakaukodolea macho.

Sauti nzito ikatoka nyuma. Ilikuwa ya Ndovu, matope mpaka tumboni, leso bado kiunoni.

"Nilisimama," akasema. "Ni kweli nilisimama. Nilitakiwa pia nicheze. Ukaguzi wangu naufuta."

Na Korongo naye, mbele ya watu wote, akashusha mguu wa pili. "Ardhi ngumu ipo," akasema. "Ipo chini ya kilima, ukichimba kiasi cha urefu wa shingo yangu unagonga mwamba. Hatukujenga pale kwa sababu moja tu." Akaelekeza mdomo. Wote wakageuka. Pale palikuwa na uwanda wa majani mabichi, umezungushiwa ua wa miiba, na mwenye nao alikuwa ni Kiboko, ambaye kila jioni alikwenda kulisha humo peke yake.

"Mheshimiwa," akasema Bi Pimbi, "toka tuongee."

Mgongo haukutikisika.

"Basi sikiliza tu. Tope hilo lina hali gani?"

Sauti ndogo ikatoka chini: "Zuri sana. La joto. Sijawahi kupata tope la aina hii."

"Chukua lote. Nchi Mpya yote, ni yako, ucheze ulale. Utupe nusu ya uwanda. Nusu ya majani ibaki, ule ushibe. Hata wewe huli uwanda mzima, unaishia kuukanyaga."

Bu. Bu. Bu. Kichwa kikatoka. "Itaandikwa kwamba ni wazo la Mwenyekiti?"

"Itaandikwa, Mheshimiwa."

"Imepita."

Nyani wakaondolewa kwenye jiwe, wakapelekwa uwandani kuchimba misingi. Walichimba mpaka nyundo ikasema ngaa! kwenye mwamba. Kila nyumba ikapigwa sakafu, na kila sakafu ikapigwa na Ndovu, kwa miguu minne, kwa leso kiunoni. Hakuwahi kuchelewa kazini. Nyumba mpya zilikuwa fupi, hazikuwa nyeupe, na shemeji ikabidi walale jikoni. Lakini zilikuwa na mapaa. Tai alizunguka, akazunguka, akatazama chini, akaona mapaa, akaenda kutafuta riziki mahali pengine.

Miaka ikapita. Siku moja, mchana, watu wakianika dagaa, ardhi ikaguna. Ngurrr. Haikuomba kibali. Ikatikisika, tiki tiki tiki tiki! Uwandani vyungu vikaanguka, ukuta mmoja ukapata ufa, shemeji mmoja akaamka. Watu wakatoka nje, wakasimama mbali na kuta, wakawashika watoto, wakasubiri. Bi Pimbi aliwakumbatia wanawe, ambao sasa walikuwa wakubwa kuliko yeye, na bado akawafunika.

Kule Nchi Mpya, zile nyumba zilizokuwa zimeegemeana zikaenda chini zote, moja baada ya nyingine, tope likafunga juu yake kama mdomo. Hazikuwa na mtu.

Katikati ya tope kikatoka kichwa. Kiboko, amekasirika, macho mekundu ya usingizi.

"Nani anacheza huko?" akauliza. "Nani kawapa ruhusa?"

Bi Pimbi akamjibu kutoka mlangoni kwake, kwa sauti ya kawaida:

"Hakuna anayecheza, Mheshimiwa. Hii ndiyo yenyewe."

Na funzo lake nalisema wazi, nisije nikawatupia mzigo wa kulitafuta. Ardhi ya kujaza inaweza kubeba nyumba miaka mingi ikiwa imetulia, lakini ardhi haikumwahidi mtu kwamba itatulia. Msiulize kama inabeba. Ulizeni itafanya nini siku ikitikisika, ulizeni kabla watu hawajahamia, na anayejibu asiwe yule anayegawa funguo.

Hadithi yangu imeishia hapo, juu ya mwamba. Anayetaka kuiendeleza, apige mguu chini kwanza.